Chumvi ya Udongo na Mche wa Maharage: Somo kutoka Ufipa na Bonde la Rukwa

Barabara ya kutoka Ntendo kwenda Muze huuacha uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Bonde la Rukwa. Mji wa Sumbawanga umekaa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Rukwa uko karibu mita 800. Katika safari moja msafiri hushuka kiasi cha mita 1,000, na si hewa peke yake inayobadilika, bali pia udongo anaoukanyaga. Juu ni ardhi ambayo mvua za karne nyingi zimeisuuza hata madini yake mengi yakachukuliwa na maji. Chini ni bonde lililofungwa: mito huingia ziwani, lakini hakuna mto unaotoka, na maji hayana njia ya kuondoka ila kupanda angani kwa joto la jua. Maji hupanda, chumvi na magadi hubaki.

Katika sehemu zote mbili mkulima anaweza kupanda mbegu za jamii ya mikunde, akasubiri siku kumi au zaidi, kisha akakuta mashimo matupu na miche michache iliyodumaa, yenye majani yaliyopauka. Kwa macho, hali hizo hufanana. Kwa asili, ni maradhi tofauti, na tiba ya moja yaweza kuwa bure, au hata madhara, kwa nyingine. Waganga wamelizoea jambo hili wodini: homa ni moja, sababu zake ni kumi. Makala hii inaeleza jinsi chumvi inavyoishambulia mbegu na mche, mahali ambapo chumvi hiyo hupatikana kweli katika mkoa wa Rukwa, na namna ya kuitofautisha na uchachu wa udongo, ambao ndio tatizo la kawaida zaidi huko juu Ufipa.

Kwa nini jarida la afya lishughulike na mbegu

Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2015-16, uliukuta mkoa huu kwenye asilimia 56. Ghala limejaa, na mtoto ni mfupi kuliko umri wake.

Itakuwa upotoshaji kusema kwamba chumvi ya udongo ndiyo iliyowadumaza watoto hao. Udumavu una mizizi mingi: kuhara kunakojirudia, maji yasiyo salama, mimba za utotoni, mama anayerudi shambani mapema huku mtoto akiachiwa uji mtupu. Lakini miongoni mwa mizizi hiyo umo ule wa sahani yenyewe. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza. Maharage yana laisini tele, na pale yanapopungukiwa methionini, ugali huyasaidia. Gramu 100 za maharage makavu hubeba zaidi ya gramu 20 za protini, pamoja na madini ya chuma, zinki na folati. Kwa kaya isiyokula nyama wala dagaa kila siku, ugali na maharage ni ndoa ambayo mmoja akikosekana mwingine hawezi kuilea nyumba peke yake.

Chukua kaya ya Laela au Mpui iliyotenga robo ekari kwa ajili ya maharage ya chakula. Mbegu ikiota kwa nusu, kaya hiyo haipotezi nusu ya biashara. Inapoteza nusu ya kitoweo cha miezi kadhaa, na mara nyingi pengo hilo halijazwi kwa nyama. Linajazwa kwa ugali mwingi zaidi.

Yanayoipata mbegu ndani ya chumvi

Ndani ya ganda la mbegu ya maharage mna kiinitete na ghalambegu mbili, yaani zile pande mbili nene ambazo mpishi huziona ganda linapovuka. Chakula chote cha mche katika siku zake za kwanza kimewekwa humo: wanga, protini, madini. Kinachongojwa ni maji.

Maji huingia kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mbegu kavu huyafyonza kama tofali kavu linavyofyonza, kwa nguvu kubwa sana, na chumvi ya wastani haiwezi kuizuia sana nguvu hiyo. Ndiyo maana mkulima anayefukua shimo siku ya nne katika udongo wa chumvi huikuta mbegu imevimba vizuri, akatumaini kwamba kesho itachipua. Hatua ya pili ni ya utulivu wa nje na kazi nyingi ya ndani: vimeng'enya huamka, wanga huvunjwa kuwa sukari, protini huvunjwa kuwa vijenzi vyake, na tando za seli zilizokuwa zimekauka hujirekebisha. Hatua ya tatu ndiyo ya kutoka kwa mzizi. Seli za ncha ya mzizi hurefuka kwa kuvuta maji zaidi, zikalitoboa ganda.

Chumvi huchelewesha hatua ya pili na kuikwamisha ya tatu. Sababu ya kwanza ni osmosisi. Maji hufuata upande wenye chumvi nyingi. Udongo ukiwa na chumvi, nao huyavuta yale yale maji ambayo mbegu inayahitaji. Mbegu imelowa, lakini kiu haijaisha. Wataalamu wengine huuita udongo wa namna hiyo ukame wenye unyevu.

Mfano wa hospitali husaidia hapa. Chupa ya dripu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita ya maji. Kwa damu ya binadamu maji hayo ni salama, kwa kuwa mkazo wake unakaribiana na ule wa seli zake. Kwa maharage ni mateso. Wataalamu wa udongo hupima chumvi kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme, na kipimo chao ni desisiemensi kwa mita. Maji ya dripu hufikia takriban 15 au 16 kwa kipimo hicho. Maharage huanza kupunguza mavuno kipimo cha maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye udongo uliojaa maji kinapopita 1 tu.

Sababu ya pili ni sumu. Sodiamu na kloraidi zikishaingia ndani ya seli huvuruga kazi ya vimeng'enya. Sodiamu hujifanya potasiamu: inafanana nayo kiasi cha kupenya kwenye milango yake, lakini haiwezi kazi yake. Kila daktari anajua kwamba seli hai huweka potasiamu nyingi ndani na sodiamu nyingi nje, na kwamba mpango huo ukivurugika moyo hupoteza mapigo yake. Seli ya mzizi wa maharage nayo huulinda mpango huo kwa gharama ya nishati. Nishati inayotumika kuitoa sodiamu nje haitumiki kurefusha mzizi, na mche uliotoka katika udongo wa namna hiyo huwa na mzizi mfupi, shina fupi na majani madogo hata pale ambapo haukufa.

Kisha kuna tofauti moja kubwa kati ya mmea na mtu: mmea hauna figo. Mtu aliyekula chumvi nyingi huitoa kwa mkojo. Jani hutoa maji matupu kwa njia ya mvuke, na chumvi iliyopanda pamoja na maji hayo hubaki katika jani. Maharage hujitahidi kuizuia sodiamu katika mizizi na sehemu ya chini ya shina, ila kloraidi huwaponyoka na kufika kwenye majani. Kingo za majani ya chini, yaliyo makuu kwa umri, huungua kwanza, zikawa na rangi ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Mkulima anayeona kuungua huko na kudhani ni jua, si wa kulaumiwa.

Liko pia pigo la tatu, ambalo halionekani hadi mmea ung'olewe. Mikunde hupata sehemu ya naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Bakteria hao wenyewe mara nyingi huivumilia chumvi kuliko mmea unaowakaribisha. Kinachoharibika ni ule mkutano wa kwanza, pale unywele wa mzizi unapojikunja kumpokea mgeni. Mche wa chumvi ukig'olewa katika wiki ya tano huwa na vinundu vichache, vidogo, vilivyopauka ndani badala ya kuwa na wekundu. Kwa mtu wa lishe maana yake ni hii: hata mmea ulionusurika unakosa naitrojeni, ambayo ndiyo malighafi ya protini.

Magadi ya chungu na magadi ya udongo

Mapishi ya nyumbani yana somo kamili la kemia ya udongo, ingawa hayakukusudiwa kuwa hivyo. Maharage magumu hulainishwa kwa kipande cha magadi. Ugumu wa mbegu hutokana, kwa sehemu kubwa, na pektini, gundi inayozishikamanisha seli, na gundi hiyo hukazwa na kalsiamu. Magadi huleta sodiamu kwa wingi katika maji makali. Sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu, gundi hulegea, na maharage huiva upesi.

Jambo hilo hilo hutokea ardhini. Chembe za mfinyanzi hushikamana kwa msaada wa kalsiamu na kuacha matundu ambamo maji na hewa hupita. Sodiamu ikizidi huiondoa kalsiamu, chembe huachana, matundu huziba. Udongo wa magadi ukinyeshewa huwa kama uji, na ukikauka hufunga kama sakafu iliyopigwa sementi. Mche wa maharage hutoka kwa kujikunja kama ndoano, ukiinua ghalambegu zake mbili juu ya ardhi. Chini ya sakafu hiyo shingo huvunjika kabla ya kufika juu. Na katika mzizi wenyewe, tando za seli zinazoshikwa na kalsiamu hulegea na kuvuja sukari na potasiamu. Kuvu wa kuozesha mbegu huifuata sukari hiyo. Mkulima hufukua akakuta mbegu imeoza, akasema ni ugonjwa. Ni kweli, lakini ugonjwa huo ulifunguliwa mlango.

Kwa kuwa magadi yametajwa, mpishi naye ana lake la kuzingatia. Maji makali ya magadi huharibu thiamini, vitamini ambayo maharage yanayo kwa wingi mzuri, na huongeza sodiamu katika chakula cha watu ambao baadhi yao wanatibiwa shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na sodiamu ya magadi nayo inaingia katika hesabu ya mwili hata kama mpishi hakuihesabu. Kuloweka maharage usiku kucha katika maji ya kawaida hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila hasara hiyo.

Wapi Rukwa kuna chumvi

Juu ya uwanda, kwa kawaida, hakuna. Udongo wa Ufipa umesuuzwa mno kuweza kubeba chumvi ya asili. Tatizo lake ni uhaba wa madini na uchachu. Wafipa wenyewe waliugundua unyonge huo mapema sana na kuutengenezea dawa: intumba, yaani vilima vya udongo vinavyofunika majani yaliyokatwa mwishoni mwa mvua, majani yakaozea humo na kuurutubisha udongo. Maharage na mazao mengine yalipandwa juu ya vilima hivyo, na msimu uliofuata vilisambazwa ili ulezi upandwe. M. Lunan aliueleza mfumo huo katika makala ya mwaka 1950, na bado ni miongoni mwa mbinu za mboji zinazojulikana zaidi Afrika ya Mashariki.

Chumvi inayoweza kuiua mbegu ya maharage juu ya Ufipa mara nyingi hutoka kwenye mfuko. Mbolea ya viwandani ni chumvi kwa maana ya kikemia. Tangu ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/23, mifuko hiyo imefika kwa wakulima wengi zaidi, jambo ambalo ni jema kwa mahindi. Kisoda kimoja cha mbolea kwa shimo ni kipimo kinachofahamika. Linalosahaulika ni mahali pa kukiweka. Mbegu na mbolea zikidondoshwa pamoja katika shimo moja, na mvua ikakawia, unyevu mdogo uliopo huyeyusha mbolea na kuizunguka mbegu kwa maji makali ya chumvi. Urea na DAP huongeza balaa la amonia, ambayo ni sumu kwa ncha ya mzizi. Mkulima husema mbolea imeunguza mbegu, na usemi wake ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani. Kloraidi ya potasiamu ni kali zaidi kwa kipimo cha chumvi. Mbolea za fosfati aina ya TSP ni pole zaidi. Umbali wa sentimita 5, pembeni na chini kidogo ya mbegu, pamoja na tabaka la udongo katikati, hutosha kuepusha hasara hiyo. Mahindi huvumilia kosa dogo katika hili. Maharage hayavumilii.

Bondeni hali ni nyingine, ingawa si kweli kwamba bonde lote ni chumvi. Ardhi iliyoletwa na mito chini ya ukingo ni nzuri na hulimwa kwa mafanikio. Chumvi hutafutwa pale maji yanaposimama bila njia ya kutoka: katika mbuga tambarare kuelekea ziwani, kando ya majaruba ya mpunga, na mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso. Kwamba chumvi ya bonde hili ni ya kale hakuna shaka. Huko Ivuna, upande wa kusini wa ziwa, watu walitengeneza chumvi ya kula karne nyingi kabla ya ukoloni, na wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichapisha mwaka 1968 matokeo ya uchimbaji wao katika mabaki ya kazi hiyo. Kilichokuwa utajiri wa mfanyabiashara wa chumvi ni hasara ya mpanda maharage.

Hapa ndipo ujuzi mzuri unapoweza kumgeuka mwenye nao. Mkulima aliyezoea vilima vya Ufipa, akishuka bondeni na kumwagilia kwa mifereji, atapanda katika kilele cha tuta kama alivyofundishwa na baba yake. Juu ya uwanda ni sawa, kwa kuwa mvua hunyesha kutoka juu na kuosha kila kitu kwenda chini. Katika tuta la umwagiliaji maji huingia kutoka pembeni, hupanda ndani ya tuta, hukauka kileleni, na huiacha chumvi pale pale mbegu ilipo. Ukungu mweupe unaoonekana kileleni mwa tuta asubuhi ya kiangazi ni chumvi hiyo. Mbegu ipandwe kwenye bega la tuta, karibu na maji, na kilele kiachwe kiwe jalala la chumvi.

Zao lenyewe nalo lachaguliwa. Mwaka 1977 E. V. Maas na G. J. Hoffman, wa maabara ya chumvi ya udongo iliyoko Riverside, California, walikusanya majaribio ya mazao mengi na kuyapanga kwa ustahimilivu wao. Maharage hupoteza takriban asilimia 19 ya mavuno kwa kila kipimo kimoja juu ya 1. Kwa hiyo kwenye 3.6 nusu ya mavuno imekwenda. Karanga huanza kuumia kwenye 3.2, na kunde kwenye 4.9. Maana yake ni kwamba udongo unaoyanyang'anya maharage nusu ya mavuno yake haujaanza bado kuzigusa kunde. Kunde pia hupenda joto la bonde, ambalo maharage hayalipendi, mbegu zake zina protini isiyopungua ile ya maharage, na majani yake ni mboga. Kwa mtoto wa Muze au Ilemba, kulazimisha maharage katika kipande cha chumvi kwa sababu tu maharage ndicho chakula cha heshima juu mlimani ni gharama isiyo na sababu. Mabadiliko ya namna hii si mapya duniani: Thorkild Jacobsen na Robert Adams waliandika mwaka 1958 jinsi wakulima wa kale wa kusini mwa Iraki walivyoiacha ngano na kushika shayiri kadiri ardhi yao ilivyozidi kuwa na chumvi.

Utambuzi kabla ya tiba

Udongo wenye uchachu huhitaji chokaa ya kilimo. Udongo wa chumvi ya kawaida huhitaji maji mazuri ya kuuosha na mfereji wa kuyatoa. Pasipo mfereji, maji hayo huinua tu yale ya chini na kuirudisha chumvi juu. Udongo wa magadi huhitaji jasi, ambayo nchini huchimbwa Makanya na kwingineko, ili kalsiamu yake iiondoe sodiamu, kisha uoshwe. Aliyemwaga chokaa juu ya udongo wa magadi hakuutibu. Udongo huo tayari ni mkali, na ukali huo huyafunga madini ya chuma na zinki yasipatikane kwa mmea. Aliyeosha udongo wenye uchachu kwa maji mengi amezidi kuusuuza.

Dalili husaidia kwa kiasi. Ukungu mweupe juu ya udongo mkavu, mabaka matupu katikati ya shamba lenye mazao, kingo za majani ya chini zilizoungua: hizo zinaelekeza kwenye chumvi. Mizizi mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na matawi, katika shamba lenye udongo mwekundu na lisilo na mabaka meupe, inaelekeza kwenye uchachu na sumu ya alumini inayofuatana nao. Shina lililovimba na kupasuka karibu na ardhi, lenye funza ndani, ni kazi ya inzi wa maharage, na hapo udongo hauna kosa.

Pale dalili zisipotosha, jaribio la makopo manne linaweza kufanywa na shule, kikundi cha wakulima au kituo cha afya chenye bustani. Makopo manne ya ukubwa mmoja hutobolewa chini. La kwanza hujazwa udongo wa shamba linaloshukiwa, kama ulivyo. La pili hujazwa udongo huo huo, kisha humwagiwa maji ya mvua polepole, mara nne au tano, maji yakaachwa yatoke yote. La tatu hujazwa udongo wa bustani ambayo mazao yake hustawi. La nne hujazwa udongo wa shamba uliochanganywa na kijiko kimoja cha chakula cha majivu yaliyochekechwa kwa kila lita mbili za udongo, ukaachwa na unyevu kwa wiki moja; majivu hupunguza uchachu kama chokaa, ila nayo yana chumvi zake, hivyo kuzidisha huharibu jaribio. Kila kopo hupandwa mbegu kumi za fungu moja, kwa kina cha sentimita 3 au 4, na humwagiliwa maji ya mvua.

Mbegu zikikataa hata katika kopo la tatu, tatizo ni mbegu: imezeeka, imetobolewa na wadudu au ilikaushwa vibaya. Zikiota vizuri katika la pili na kukataa katika la kwanza, chumvi inashukiwa, ikiwa ni pamoja na ile ya mbolea iliyobaki. Zikistawi katika la nne huku la pili likibaki dhaifu, uchachu unashukiwa. Maji yakigoma kupita katika kopo la pili, yakasimama juu kwa saa nyingi, hilo lenyewe ni jibu, na jina lake ni magadi. Zikistawi kote, macho yageukie wadudu, ndege, kina cha kupanda au maji yaliyotuama baada ya mvua. Tofauti ya mbegu moja au mbili kati ya kopo na kopo si ushahidi, jaribio lirudiwe. Baridi ya Sumbawanga huchelewesha uotaji, kwa hiyo hesabu isifungwe kabla ya siku ya kumi na nne, na miche isitupwe siku hiyo. Iachwe hadi wiki ya tano, ing'olewe kwa uangalifu, mizizi ioshwe na vinundu vihesabiwe, kwa sababu chumvi ambayo haikutosha kuizuia mbegu yaweza kutosha kuudumaza mche.

Jaribio hili huelekeza tu. Kipimo cha maabara ndicho huthibitisha. Kituo cha TARI Uyole, Mbeya, ambacho pia ndicho chimbuko la aina nyingi za maharage zinazolimwa Nyanda za Juu Kusini, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mahali pa kuulizia. Vipimo viwili viombwe kwa pamoja, cha uchachu na cha upitishaji umeme, kwa kuwa kimoja bila kingine huacha nusu ya swali bila jibu. Kwa shamba la bondeni, sampuli ichukuliwe mwezi Oktoba, kabla ya mvua, wakati chumvi ingali juu. Baada ya mvua kubwa mbili au tatu tabaka la juu laweza kuonekana safi kabisa maabara, ilhali chumvi imeshuka sentimita chache tu, na itapanda tena kiangazi kikianza.